Kidonda Chenye Kalenda: Mwongozo wa Kumuuguza Mgonjwa wa Mionzi na Kuwafundisha Wauguzi Wenzako

Kwenye faili la mzee yule niliandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Ngozi haina wekundu." Ilikuwa wiki ya nne ya mionzi ya shingo, na wala sikuandika uongo. Mzee ni mweusi tii. Wekundu ungejitokeza wapi? Juma lililofuata alikuja kajizungushia skafu. Tulipotaka kuivua haikutoka. Majimaji ya ngozi yalikuwa yamekaukia kwenye nyuzi zake, skafu na shingo vimekuwa kitu kimoja. Nikamwuliza, mzee wangu, mbona hukusema? Akanijibu taratibu, "Sista, hukuniuliza. Ulikuwa ukitazama tu."

Tangu hapo nauliza kwanza, nagusa, ndipo natazama. Mwongozo huu umejengwa juu ya mpangilio huo. Unamhusu muuguzi anayemhudumia mgonjwa wa mionzi inayotoka kwenye mashine, na unamhusu pia yule aliyeambiwa awafundishe wenzake. Kazi hizo mbili nimeziweka pamoja kwa makusudi. Lile kosa langu sikulizua, nilifundishwa: picha zote nilizoonyeshwa darasani zilikuwa za ngozi nyeupe.

Jeraha hili huja kwa ratiba

Ngozi ya juu hujifanya upya kutokea chini. Tabaka lake la chini kabisa lina seli zinazogawanyika kila mara. Mpya huzisukuma kuukuu kwenda juu, mpaka zikapukutika. Mzunguko mzima huchukua takriban wiki 4. Mionzi huziharibu hizo za chini, lakini za juu huendelea kupukutika kama kawaida, ila nyuma yao hakuna zinazokuja kuziba pengo. Ndiyo maana mgonjwa wa wiki ya kwanza hushuka kitandani pa mashine akisema hajahisi kitu, naye anasema kweli. Deni linakuja baadaye.

Kwa anayepata mionzi siku 5 kwa wiki, grei 2 hivi kila siku (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), mambo huenda kama ifuatavyo. Kati ya wiki ya 2 na ya 3 rangi ya ngozi hubadilika, ngozi hupata joto, huvuta na kuwasha. Wiki ya 3 hadi ya 4 hukauka na kutoa magamba. Kuanzia wiki ya 4 au ya 5, dozi ikishapita grei 40 hivi, ngozi inaweza kuchubuka na kutoa majimaji, hasa kwenye mikunjo: kwapani, chini ya titi, kwenye kinena, kwenye msamba, shingoni. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: hali huwa mbaya kuliko zote wiki 1 hadi 2 baada ya mionzi ya mwisho, wakati mgonjwa ameshaagwa na yuko nyumbani. Walio wengi hupona ndani ya wiki 4 hadi 6 tangu kumaliza. Wale wanaopewa dozi kubwa kwa siku chache wana ratiba yao nyingine, kwa hiyo usikisie. Soma mpango wa matibabu, au muulize daktari wa mionzi.

Si kila mtu atafikia kuchubuka. Hatari huongezeka kwa anayepata dawa za saratani pamoja na mionzi, anayevuta sigara, mwenye kisukari, aliyekonda kwa kukosa lishe, mwenye mwili mkubwa au matiti makubwa yanayolaliana na ngozi, na yule ambaye wataalamu wamemwekea tabaka maalumu juu ya ngozi ili dozi ipande hadi kwenye ngozi yenyewe. Huyu wa mwisho husahaulika mara nyingi. Mteknolojia wa mionzi anamjua. Muuguzi wa wodi hana habari naye.

Kidonda cha moto hukushtukiza, na cha kisu vilevile. Hiki kina kalenda. Ukimjua mgonjwa kabla ya wiki ya 2, unakuwa umefika kabla ya kidonda.

Kabla ya yote, neno "kuchomwa"

Wagonjwa wengi husema "naenda kuchomwa". Sisi wahudumu nasi tumelizoea, tunalitumia bila kulisikia. Lakini neno hilo lina moto ndani yake, na mtu anayeamini ameungua hufanya yale yafanywayo na aliyeungua: hupaka dawa ya meno, hupaka ute wa yai, hukandika barafu. Tena huwaza zaidi ya hapo. Huwaza kwamba kuna aliyekosea, kwamba mashine ilizidishwa. Nimewahi kukaa na mama aliyekaa kimya wiki nzima akiamini ngozi yake imeiva kwa uzembe wa kijana wa mashine, na hakutaka kumharibia kijana kazi.

Usimkatalie mtu neno lake. Mwambie tu: "Mama, wanaita kuchomwa, lakini hakuna moto pale. Mionzi inapita kwenye ngozi ikielekea kwenye uvimbe, na ngozi inachelewa kujitengeneza. Utaona mabadiliko kuanzia wiki ya pili au ya tatu. Yakija, hakuna aliyekosea. Niambie mimi." Ongeza na hili hata kama hajauliza: mionzi ya mashine haibaki mwilini, kwa hiyo anaweza kumpakata mtoto, kulala na mwenzake, kula sahani moja na watu. Masharti ni tofauti kwa waliowekewa chembe za mionzi mwilini au waliopewa dawa yenye mionzi. Hao wapewe maelekezo yao na timu iliyowatibu.

Hatua ya 1: Mazungumzo ya nusu saa kabla ya mionzi ya kwanza

Kaa chini. Namaanisha kukaa kwenye kiti, maana muuguzi aliyesimama ana haraka hata kama hana. Weka faili pembeni na uanze na siku yake ya kawaida: unaamka saa ngapi, unaoga vipi, unalala upande gani, unavaa nini kazini, nani yuko nyumbani, nani anaweza kukutazama mgongoni?

Maswali haya yanaonekana ya porojo, lakini kila moja lina ngozi ndani yake. Dereva anayetibiwa titi la upande ule mkanda wa gari unakopita atasuguliwa kila siku, kwa masaa. Mwalimu wa kiume mwenye kola ngumu atakuwa na shingo iliyochubuka kabla ya wenzake. Anayelala upande wa kulia kwa sababu wa kushoto una maumivu ya zamani, ukimwambia "usilalie kulia" umemnyima usingizi wa mwezi mzima. Tafuta naye njia nyingine, kama mto chini ya bega. Na aliye peke yake nyumbani hawezi kujifunga kidonda cha kwapani kwa mkono mmoja. Hilo lijulikane wiki ya kwanza, lisingoje wiki ya tano.

Kisha uliza swali moja la wazi: "Katika matibabu haya yote, kitu gani hungependa kikuharibikie?" Majibu hushangaza. Mmoja alisema ni harusi ya binti yake wiki ya sita, na gauni lenye mgongo wazi. Mwingine alisema ni harufu, hataki kunuka mbele ya wakwe. Jibu hilo liandike juu kabisa ya ukurasa wa uuguzi, kwa maneno yake mwenyewe, mbele ya utambuzi wa ugonjwa. Muuguzi wa zamu ya usiku asome harusi kabla hajasoma hatua ya saratani.

Mwisho, mwombe akueleze alichoelewa. Usimwulize "umeelewa?" kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo. Sema: "Ukifika nyumbani wakikuuliza namna ya kutunza ngozi, utawaambiaje?" Atakaposita, hapo ndipo ulipoeleza vibaya.

Hatua ya 2: Ngozi ikiwa bado nzima

Aoge kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato, kwa kiganja, bila dodoki. Ajikaushe kwa kugusagusa na taulo laini, asijifute. Alama zilizochorwa kwa ajili ya kulenga mionzi asizisugue. Apake mafuta ya kulainisha yasiyo na harufu, tabaka jembamba, mara 2 kwa siku. Wengi wamekatazwa wasipake chochote saa kadhaa kabla ya mashine. Vipimo vimeonyesha kwamba tabaka la kawaida, la milimita 1 hadi 2, halibadilishi dozi ya ngozi kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Kinachoipandisha ni kupaka donge nene la milimita 3 na zaidi. Kwa hiyo mwonyeshe ujazo kwenye kidole, na ufuate utaratibu wa kituo chako.

Marufuku nyingine ya zamani ni dawa ya kuzuia jasho kwapani. Uchunguzi umeonyesha haina madhara ngozi ikiwa nzima. Mtu aliyesema anaogopa kunuka mbele ya wakwe, kumkatazia kitu hicho bila sababu ni kumwongezea ugonjwa. Ngozi ikichubuka, aache.

Marufuku zinazobaki zina sababu. Wembe hukata, atumie mashine ya umeme ya kunyolea, au asinyoe. Plasta ya kunata hung'oa tabaka lililodhoofika, isibandikwe kamwe mahali panapopigwa mionzi. Chupa ya maji moto na barafu huumiza ngozi isiyojihami. Jua likingwe kwa nguo au kivuli. Bwawa lenye klorini liachwe ngozi ikianza kukauka au kuwasha. Nguo ziwe za pamba, pana, zisizo na mshono mahali pa jeraha.

Kwa walio katika hatari kubwa zaidi, mwulize daktari mapema kuhusu krimu ya steroidi kama mometasoni, inayopakwa tangu siku za mwanzo; ina ushahidi mzuri wa kupunguza ukali wa mabadiliko ya ngozi, hasa kwa mionzi ya titi. Utando mwembamba wa silikoni unaobandikwa juu ya ngozi nzima nao umefanya vizuri kwenye majaribio. Mshubiri, ambao kila mtu ana shangazi aliyemshauri, haujaonyesha kwamba unazuia jeraha hili. Simgombezi anayeupenda kwa ubaridi wake, ila simwachi aamini kwamba umemkinga.

Hatua ya 3: Tathmini kwa mdomo, kwa mkono, kisha kwa jicho

Mdomo: Umelalaje jana? Panawasha, panavuta, panachoma? Kwa 0 hadi 10, maumivu ni ngapi ukiwa umetulia, na ni ngapi ukisogea? Kuna nguo umeacha kuivaa? Swali hili la nguo nalipenda kuliko yote, kwa kuwa watu huficha maumivu lakini hawafichi shati.

Mkono: Nawa, upashe mkono joto, uweke mgongo wa kiganja juu ya ngozi inayotibiwa, kisha upande wa pili usiotibiwa. Tofauti ya joto huisikia kabla rangi haijabadilika. Bonyeza taratibu kutafuta uvimbe. Pitisha kidole uone kama ngozi imekuwa ngumu au ina mikwaruzo.

Jicho: Washa taa. Inua titi, fungua kwapa, tazama nyuma ya sikio na kwenye mstari wa makalio. Mikunjo isipofunguliwa hujatazama. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tafuta weusi uliozidi, rangi ya kijivujivu au ya zambarau, mng'ao wa ngozi iliyotanuka, magamba meupe, na vipande vya waridi pale tabaka la juu lilipong'oka. Ukikuta waridi, umeshachelewa daraja moja.

Kisha weka daraja. Vituo vingi hupima ukali wa madhara kwa vigezo vya RTOG na EORTC, mashirika ya utafiti wa saratani ya Marekani na Ulaya, au vya CTCAE, vya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, ambavyo toleo lake la 5 lilitoka mwaka 2017. Chagueni kimoja, mkitumie wote. Muuguzi akiandika daraja kwa kipimo kimoja na daktari kwa kingine, mtabishana bure. Kwa CTCAE, kwa kifupi:

- Daraja la 1: rangi imebadilika kidogo, au magamba makavu.
- Daraja la 2: rangi imebadilika sana, au ngozi imechubuka na kutoa majimaji vipande vipande, zaidi kwenye mikunjo, uvimbe wa wastani.
- Daraja la 3: ngozi inatoa majimaji hata nje ya mikunjo, au inatoka damu ikiguswa kidogo tu.
- Daraja la 4: ngozi imekufa au kidonda kimezama unene wote wa ngozi, au damu inatoka yenyewe. Uhai uko hatarini.

Kipimo chenyewe kinataja wekundu. Kwa hiyo kando ya namba andika sentensi moja ya ulichosikia na ulichogusa: "Daraja la 1, lakini ameacha kuvaa kola, joto limezidi upande wa kulia, hajalala siku 2." Sentensi hiyo ingemwokoa mzee wangu.

Fanya hivi mara 1 kwa wiki walau, na kila anapokuja akishafika daraja la 2. Ukipiga picha, omba ridhaa kila mara, weka rula pembeni, taa ileile, umbali uleule, na picha ikae kwenye faili. Isikae kwenye simu yako.

Hatua ya 4: Ngozi ikishachubuka

Panga kufunga kidonda baada ya kipindi cha mashine. Ukifunga asubuhi kisha kikafunguliwa mchana ili apigwe mionzi, umemuumiza mara 2 kwa siku moja. Kitambaa kinene kikiachwa juu ya ngozi wakati wa mionzi nacho hupandisha dozi ya ngozi, kwa hiyo wateknolojia wajue kila kinachofunika eneo hilo, nao waseme kipi kitolewe na kipi kibaki.

Dawa ya maumivu itangulie, nusu saa hadi saa nzima kabla, ikiwa ni ya kumeza. Parasetamoli isipotosha, mwambie daktari. Mofini si ya siku za mwisho tu, ni ya maumivu. Kisha mkubaliane ishara ya kusimama, kama kuinua kidole. Akiinua unasimama, hata kama foleni ipo nje. Mgonjwa mwenye breki mkononi hukaza mwili kidogo, na kazi huisha haraka kuliko ungemshikilia.

Lowanisha kitambaa cha zamani kwa maji ya chumvi ya hospitali yaliyopata uvuguvugu. Ngoja. Kikigoma, lowanisha tena. Mzee wa skafu tulimlowanisha kwa dakika 40, akitusimulia habari za ng'ombe wake, na skafu ikateleza yenyewe pasipo damu.

Osha kwa kumiminia, bila kusugua. Spiriti, haidrojeni peroksaidi na madini ya joto (ayodini) havina kazi ya kila siku hapa. Vinaumiza seli zinazojaribu kurudi. Ile dawa ya zambarau iliyokuwa kwenye kila kabati hukausha na kuchelewesha kupona, tena inaficha rangi unayotakiwa kuisoma. Jeraha hili hupona likiwa na unyevu wa kadiri. Majimaji yakiwa machache, weka jeli ya maji au kitambaa cha silikoni kisichonata. Yakiwa mengi, weka sponji laini yenye uso wa silikoni na ubadilishe kabla haijaloa hadi pembeni. Kisichopatikana kisikukwamishe: gozi iliyopakwa vazelini, gozi kavu ya kunyonya juu yake, na bandeji ya wavu au fulana laini ya kubana kidogo ndiyo ishikilie. Gozi kavu isigusane na kidonda kibichi. Krimu yenye madini ya fedha itumike kwa agizo la daktari tu, na isafishwe taratibu kabla ya mashine.

Kila jeraha la mionzi hutoa majimaji ya manjano na ukoko, na vijana wetu huona usaha wakakimbilia antibayotiki. Maambukizi hujitangaza kwa namna nyingine: maumivu yanayopanda ghafla, harufu mpya, majimaji ya kijani au mazito, joto na uvimbe unaotambaa nje ya mpaka wa eneo la mionzi, homa. Hapo chukua sampuli na umwite daktari. Mgonjwa aliye kwenye dawa za saratani akifika nyuzi 38 hiyo ni dharura ya saa hiyo, hata kama kidonda chake ni cha ukubwa wa sarafu.

Usimwambie mtu "pumzika mionzi wiki moja" kwa huruma yako. Kukatiza matibabu huipa saratani nafasi, hasa ya kichwa na shingo na ya shingo ya kizazi. Uamuzi huo ni wa daktari wa mionzi. Kazi yako ni kumpelekea taarifa mapema ili asilazimike kuufanya.

Kuna na kidonda cha saratani yenyewe iliyopasua ngozi, kinachonuka na kutoka damu. Hicho ni kingine, hata kikiwa ndani ya eneo la mionzi. Harufu yake hupungua kwa metronidazoli kwa agizo la daktari, na damu yake inataka mpango ulioandikwa kabla haijatoka.

Hatua ya 5: Mashine ikishazimwa

Siku ya mwisho watu hupiga makofi, mgonjwa huaga, na ngozi yake inaanza wiki yake mbaya. Mpigie simu siku ya 7 na siku ya 14. Swali la kwanza liwe lile la nguo. Mpe vifaa vya kufungia vya kutosha wiki 2, na namba inayopokelewa na mtu.

Mabadiliko yanayotokea baada ya siku 90 huitwa ya kuchelewa: ngozi ngumu isiyonyumbulika, vimishipa vyekundu, rangi isiyorudi, eneo lisilotoa jasho. Mengine huja baada ya miaka. Kidonda kipya kwenye ngozi ya zamani ya mionzi kisipuuzwe wala kisikatwe ovyo. Kwanza ihakikishwe kwamba si saratani iliyorudi, kisha apelekwe kwa wenye uzoefu, maana damu inayofika pale ni chache na upasuaji mdogo huweza kuzaa shimo. Na mtu akianzishiwa dawa mpya ya saratani, ngozi iliyopona zamani inaweza kuwaka upya palepale ilipopigwa. Mwambie hilo mapema asije akadhani amerogwa.

Kuwafundisha wenzako

Usianze na ukumbi na projekta. Anza na mafaili 10 ya wagonjwa waliomaliza mwezi uliopita. Tafuta vitu vinne tu: jambo kubwa kwa mgonjwa limeandikwa? Maumivu yamepimwa? Kuna neno lolote zaidi ya "wekundu"? Kuna simu baada ya kumaliza? Hesabu, bandika matokeo chumba cha chai bila majina ya wauguzi. Mafunzo yajibu mapengo yaliyoonekana hapo.

Zoezi la kwanza ni la picha. Chukua picha za ngozi za rangi zote, kwa ridhaa, bila nyuso. Kila muuguzi aandike daraja peke yake kwenye karatasi, bila kuchungulia. Funueni pamoja. Utakuta picha moja ina 1, 2 na 3 kutoka kwa watu wa zamu moja. Usiwaambie jibu upesi. Waache wabishane, kwa kuwa kwenye ubishi huo ndipo kila mmoja hujua anatazama nini. Mwisho wape kile ambacho picha haisemi: huyu alikuwa na joto, huyu alikuwa haguswi.

Zoezi la pili halipendwi, na ndilo linalokaa. Mbandike mwanafunzi gozi mkononi, pale penye vinyweleo, kwa plasta ngumu, akae nayo kuanzia asubuhi hadi jioni. Jioni mwenzake aing'oe bila kumwambia neno, kama tufanyavyo tukiwa na haraka. Kesho yake warudie: kulowanisha, kueleza, ishara ya kidole. Nilimwona kaka mmoja mwenye mabavu, wa kunyanyua wagonjwa wawili kwa siku, akifumba macho kabla plasta haijaguswa. Nilimwacha hivyo kwa sekunde chache. Sikuongeza maneno.

Zoezi la tatu ni uso. Vidonda vingine vinanuka, na muuguzi ni binadamu. Tukae wawili wawili, mmoja afungue kopo lenye kitu kilichooza, mwingine amtazame pua na midomo. Wengi hawajui kwamba pua zao zinakunja. Zungumzeni mnavyostahimili: mafuta yenye harufu nzuri chini ya pua, kutoka nje kabla na si katikati, kupokezana. Asiyepewa nafasi ya kukiri kichefuchefu atakikwepa kidonda, na atakayeumia ni mgonjwa.

Wateknolojia wa mionzi wawe darasani pamoja nanyi. Wao humwona mgonjwa siku 5 kwa wiki, ninyi pengine mara 1. Wahudumu wasaidizi wanaomwogesha nao pia. Kwenye kila zamu awepo mmoja aliyefundishwa zaidi, ambaye wenzake watamwita akatazame kabla hawajampigia daktari, na muda huo uhesabiwe kwenye ratiba yake, usiwe hisani.

Na mwalimu bora mnaye tayari. Mzee wa skafu alipopona nilimwomba aje, naye akakubali kwa sharti la chai. Alikaa kwenye kiti cha mbele, akafungua kola, akamwita binti mgeni kazini: "Njoo mwanangu, gusa hapa. Hapa ndipo palikuwa na moto, na palikuwa peusi hivihivi." Binti akagusa. Mzee akamwambia mkono wake ni wa baridi, akaupashe kwanza.

Baada ya miezi 3 rudi kwenye mafaili 10 mapya, kwa maswali yaleyale manne. Kwetu tulipofanya hivyo, safu ya maumivu ilikuwa imejaa, na neno "joto" limeanza kutokea penye "wekundu". Lakini kurasa zilizoandikwa usiku zilikuwa tupu karibu zote. Tuligundua kila somo tulilifanya saa nane mchana, wakati watu wa usiku wamelala. Kipindi kilichofuata tukakihamishia saa tatu usiku, baada ya makabidhiano ya zamu, wodini, kando ya kitanda cha mgonjwa aliyekubali kuachwa macho.